Kampuni ya gesi wanataka kupima mitetemo kwenye shamba letu la mikorosho. Tusaini fomu au tuwakatalie?

Fundi_Rangi3
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Naomba tulijadili hili bila siasa za vyama, kama inawezekana humu. Mimi nipo Dar, Mbagala, fundi gereji. Kwetu ni Mtwara Vijijini, kijiji sikitaji. Kuna shamba la eka 7 aliloacha marehemu mama, mikorosho kama 190 hivi ukitoa iliyozeeka. Anayelihudumia ni dada yangu mkubwa. Yeye ndiye anapalilia, anapuliza salfa, anapeleka korosho AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mimi natuma hela ya dawa, basi.

Juzi dada kanipigia. Wamefika vijana watatu na mtendaji wa kijiji, wana ramani na vile vizibao vinavyong'aa. Wakamwambia mstari wa kupima mitetemo unapita shambani. Watafyeka njia ya mita nne, watatoboa vishimo, watapiga, watafukia, waondoke. Siku chache tu. Wakampa fomu asaini pale pale chini ya mwembe. Dada akasema ana mdogo wake Dar na ana mjomba, hasaini kitu peke yake. Wakamwachia, watarudi Alhamisi ya wiki ijayo.

Katuma picha za fomu WhatsApp. Mahali pa kiasi cha fidia pako wazi, hapajajazwa. Ila mstari wa chini yake umeshapigwa chapa: "Nakiri kupokea malipo kamili na ya mwisho na sitakuwa na madai mengine yoyote." Yaani hela haijulikani, kazi haijaanza, mimi nimeshasamehe kudai.

Mjomba anasema tuwafukuze. Mtendaji anasema ni mradi wa taifa, ukikataa wanapita tu. Dada yeye anachouliza ni kimoja: mikorosho ndiyo kwanza inachanua, wanapitaje sasa hivi?

Nani mwenye uzoefu atie neno.

Kitangari_Boy
Nipo siti ya mbele na kahawa yangu.

Chuma_cha_Reli
Kataeni. Hakuna cha kujadili hapo. Watu wa Kusini tuna usahaulifu wa ajabu. 2013 tulipiga kelele bomba lisiende Dar mpaka watu wakafa, 2015 likazinduliwa, gesi inatoka Madimba inasafiri zaidi ya kilometa 500 kwenda kuwasha taa za wenzenu. Sasa wanataka kuangalia chini ya mikorosho ya mama yako kuna nini ili wachukue na hiyo. Wakija Alhamisi wakute geti limefungwa.

Fundi_Rangi3
Mkuu shamba halina geti, lina mbuzi wa jirani.

Wakili_wa_Shamba
Mleta uzi, pole na hongera kwa dada, kafanya jambo ambalo wengi hawafanyi, kasoma kabla ya kusaini.

Ninawasihi mtenganishe vitu viwili, maana ndugu Chuma hapo juu kavichanganya. Gesi iliyo chini ya shamba si yenu, na haijawahi kuwa yenu. Sheria ya Petroli ya 2015 inasema petroli yote, gesi ikiwemo, ni mali ya umma iliyo mikononi mwa Jamhuri. Kwa hiyo swali la "tuwape gesi au tusiwape" halipo mezani kwenu. Kilicho mezani ni juu ya ardhi: mikorosho, kisima, njia, banda, muda wa dada. Hivyo ni vyenu, na hivyo vina ulinzi.

Mwenye leseni haruhusiwi kujipitia tu kama mtendaji anavyosema. Sheria hiyo hiyo inamtaka apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi kwenye maeneo kadhaa, yakiwemo ya karibu na nyumba inayokaliwa na ardhi iliyolimwa au yenye mazao. Ndiyo maana wamekuja na fomu. Wangekuwa wanaweza kupita tu, wasingehangaika kuchapa karatasi. Na akiharibu, analipa fidia ya haki kwa uharibifu, hata kama leseni yake imesainiwa na waziri.

Hasara ya kukataa kabisa, kwa upande mwingine, ni kwamba ukishasema hapana bila sababu, mazungumzo yanatoka shambani kwenu yanahamia ofisini, na huko ninyi hamtakuwepo. Mwenye sababu za maandishi huwa anasikilizwa: "hatukatai, ila si Julai, si kupitia safu ile, na si kwa fomu hii."

Fomu hiyo isisainiwe ilivyo. Ule mstari wa "kamili na ya mwisho" ukatwe kwa kalamu, pande zote mbili ziweke saini pembeni. Au fomu ziwe mbili, moja ya ruhusa ya kuingia, nyingine ya malipo, ambayo inasainiwa baada ya kazi kwisha na mimea kuhesabiwa.

Swali langu kwenu: shamba liko kwa jina la nani?

Fundi_Rangi3
Bado kwa jina la mama, hati ya kimila ilitoka kabla hajafariki. Mirathi hatujafungua. Na kwetu Wamakonde unajua tena, shamba la mama mjomba ana kauli.

Mama_Tuli
Samahani naingilia. Kaka, umeandika "shamba letu" na "nimeshasamehe kudai". Dada ndiye yuko shambani miaka yote hiyo, wewe unatuma hela ya salfa. Hilo jina kwenye fomu lisije likawa lako kwa sababu wewe ni mwanaume na uko mjini. Nimeyaona haya kwenye fidia ya barabara kwetu. Hela ilipita kwa kaka, haikushuka.

Fundi_Rangi3
Mama Tuli umenigonga mahali. Sijakasirika.

Wakili_wa_Shamba
Mama Tuli yuko sahihi na kisheria kuna namna. Kaeni kikao cha familia, mjomba awepo, andikeni muhtasari kwamba kwa suala hili msemaji na mpokeaji ni dada, wote msaini. Mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Kisha mkafungue mirathi Mahakama ya Mwanzo taratibu. Kampuni nyingi zinachukua saini ya yeyote aliyekutwa shambani, halafu ukoo ukigombana wanasema sisi tulilipa.

Mpiga_Mitetemo
Nimekaa kimya ila uzi huu ni wangu. Nilifanya kazi kwenye vikosi vya mitetemo misimu mitatu, nilianza kama kibarua wa kubeba nyaya nikaishia msaidizi wa mpimaji. Sasa hivi nauza vifaa vya ujenzi, kwa hiyo simtetei mtu.

Kazi yenyewe iko hivi. Ardhini kuna matabaka ya miamba. Ukipiga kishindo juu, wimbi linashuka, likikutana na tabaka tofauti sehemu yake inarudi. Juu tumetandaza jiofoni, vidude vya kusikiliza vyenye msumari chini, vinakitwa kwenye udongo kwa safu. Vinarekodi wimbi limerudi baada ya muda gani. Wataalamu wanakaa na kompyuta miezi kadhaa wanatengeneza picha. Mitetemo haikuambii kuna gesi. Inakuambia kuna umbo la mwamba linaloweza kutunza gesi. Ya gesi utaijua ukichimba kisima. Kwa hiyo wanaokuja shambani wakisema "tumeona gesi kwenu" wanakudanganya, na wanaosema "tunapima tu, hakuna kitakachofuata" hawana uhakika nao.

Kishindo kinatoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni malori mazito yenye bamba chini, yanaegemea ardhi na kuitetemesha. Yanataka njia pana na ardhi ngumu. Ya pili ni vishimo vyembamba vinavyotiwa baruti na kufukiwa, kisha vinalipuliwa. Kwa maelezo ya dada, kwenu ni baruti. Ukiwa umesimama pembeni unasikia kama gunia la mahindi limeangushwa kutoka kwenye lori. Mkorosho hauanguki kwa hilo. Kinachoua mkorosho ni panga la mfyekaji na tairi la gari la kutobolea linalogeuzia pale pale mara sita.

Hapa ndipo siri ilipo. Mikorosho iliyopandwa kitaalamu, kama watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wanavyofundisha, ina nafasi ya mita 12 kwa 12. Njia ni mita nne. Hesabu mwenyewe. Mstari unaweza kupita katikati ya safu bila kukata hata tawi la maana, IWAPO mpimaji atakubali kuusogeza kidogo. Na anaweza. Ramani ya ofisini imechorwa kwa rula, haijui mkorosho uko wapi. Shimo la baruti tulikuwa tunalihamisha kila siku, tukikuta kaburi, mti wa tambiko, kisima, nyumba. Tunaandika kwenye daftari "limehamishwa", maisha yanaendelea. Shida ni kwamba hakuna anayetuomba. Mwenye shamba anakataa kabisa au anasaini kabisa. Sikuwahi kukutana na aliyesema "sogeza hatua sita kule."

Kwa hiyo dada asisubiri Alhamisi. Siku za mwanzo wanapita watu wa vigingi, wanachomeka vijiti vyenye utepe na namba. Hao ndio wa kuongea nao. Mashine ya kutoboa ikishafika, msimamizi ana mashimo ya kufikisha kwa siku na hakusikii tena.

Mwisho ni mashimo. Kila kishimo kina namba. Andika namba zote zilizo shambani kwenu. Wakilipua, tia alama. Kuna wakati shimo moja linagoma, baruti inabaki chini. Ni nadra lakini lipo. Lisilo na alama, usilime, usichome majani hapo, ita msimamizi mbele ya mashahidi.

Kitangari_Boy
Huyu katema madini. Mods uzi uwekwe juu.

Korosho_Ni_Maisha
Naongezea kutoka Lindi, yalinikuta miaka ya nyuma, kampuni siitaji na sidhani hata kama ipo bado.

Walipita kwangu mwezi Agosti. Njia nyembamba kweli, mikorosho walikata mitatu tu. Walinilipa mitatu, kwa bei ya jedwali la fidia ya mazao la kanda, nikasaini. Nikajiona mjanja. Kumbe hasara haikuwa kwenye ile mitatu. Magari yalipita wiki mbili kwenye mchanga mkavu, vumbi likapanda kwenye maua ya safu mbili za kila upande. Salfa niliyopuliza ikawa kama nimemwaga. Oktoba naokota, safu zile zimetoa kidogo mno. Nikaenda kudai, kijana wa mahusiano akanionyesha karatasi yangu mwenyewe: kamili na ya mwisho. Saini yangu nzuri kabisa, niliikunja na mkia.

Jedwali linalipa mti. Halilipi msimu. Kama huna kumbukumbu ya msimu, umekwisha. Dada ana stakabadhi za ghalani za miaka iliyopita? Aziweke pamoja. Hizo ndizo zitakazosema shamba lilikuwa linatoa kilo ngapi kabla yao.

Fundi_Rangi3
Anazo. Kazifunga kwa mpira kwenye kopo la maziwa ya unga.

Mzee_wa_Madafu
Mimi nina wazo rahisi. Usiku huu pandeni miche 500 kwenye huo mstari. Wakija Alhamisi wahesabu.

Wakili_wa_Shamba
Mzee, wategeshaji, hao wanaopanda haraka ili walipwe fidia, wanajulikana. Siku ya kuhesabu wanapiga picha, wanaona mche una majani mawili na udongo bado umevimba. Kinachofuata wanawatilia shaka hata wenye mikorosho ya miaka 30. Msiwaharibie wenzenu.

Mzee_wa_Madafu
Nilikuwa natania jamani. Kidogo.

Mswahili_PA
Salaam kutoka Pennsylvania, Marekani. Nimevutiwa kwa sababu nilifanya kazi kwa mama mmoja mzee wa Kizungu, mkulima wa ng'ombe wa maziwa, wakati wa ile fujo ya gesi ya mwamba wa Marcellus. Hapa mambo ni kinyume kabisa na huko nyumbani. Mwenye ardhi anaweza kumiliki na kilicho chini. Sheria yao ya 1979 inasema ukikodisha gesi yako mrabaha, yaani sehemu yako ya gesi inayotolewa, usipungue 12.5%. Sasa watu wa nyumbani wakisikia hivyo wanasema heri yao. Ngoja niwasimulie.

Kwanza, si kila mwenye shamba anayo gesi. Kuna mababu waliuza haki ya chini ya ardhi zamani, mjukuu anafuga juu, chini ni mali ya mtu asiyemjua. Na huyo wa chini ana haki ya kupita juu kwa kiasi kinachofaa ili afikie chake. Pili, ruhusa ya mitetemo na mkataba wa kukodisha gesi ni karatasi mbili tofauti, lakini kwenye mikataba mingi ya gesi ruhusa ya mitetemo imeshafichwa ndani. Watu wanasaini mbili wakidhani wamesaini moja.

Huyu mama alikataa mitetemo kabisa. Sababu yake ilinishangaza. Hakuogopa kelele. Alisema: wakipima wakaona chini yangu hakuna kitu, habari itajulikana na hakuna atakayenikodisha kwa bei nzuri, wakiona kuna kitu, watajua wao, mimi sitaonyeshwa picha. Kwa hiyo nitawapaje bure jicho la kuniona wakati mimi sijioni? Basi mstari ukazunguka shamba lake, helikopta zikawa zinashusha mifuko ya vifaa kwa majirani. Lakini nilikuja kuelewa baadaye kwamba ukipiga kishindo upande huu na kusikiliza upande ule, mawimbi yanapita chini ya aliyekataa na picha inapatikana hata hivyo, labda na ukungu kidogo. Alibaki na malisho yake salama na hakulipwa hata senti ya mitetemo. Yeye aliridhika. Mwanawe mpaka leo ananuna.

Kwenu Mtwara hiyo hoja ya mama haifanyi kazi, kwa kuwa hamna gesi ya kuuza. Ila ile ya karatasi mbili ndani ya moja, iangalieni sana.

Chuma_cha_Reli
Umeona sasa? Mzungu analipwa mrabaha, sisi tunalipwa mikorosho mitatu.

Wakili_wa_Shamba
Hilo ni la kupeleka bungeni, na lina hoja. Kenya kwenye sheria yao ya petroli ya 2019 waliandika sehemu ya serikali igawanywe, 20% kaunti na 5% jamii ya mahali husika. Kwetu halmashauri inapata ushuru wa huduma kutokana na mauzo, na hata huo watu wamewahi kuvutana ni wa halmashauri ipi. Lakini huwezi kulitatua hilo chini ya mwembe na vijana watatu wenye ramani.

Nirudi kwa Mswahili_PA, kanikumbusha. Fundi, angalia kwenye fomu kama kuna maneno kama "na shughuli nyingine zitakazofuata". Mitetemo ni ruhusa ya kupita. Wakija baadaye kutaka eneo la kuchimba kisima hiyo ni habari nyingine: hapo ardhi inatwaliwa, anakuja mthamini aliyesajiliwa, kazi yake inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, mnalipwa thamani ya ardhi, usumbufu, usafiri, pango na faida iliyopotea. Wakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inahesabika. Fomu ya mitetemo isije ikameza yote hayo.

Fundi_Rangi3
Nimeangalia. Ukurasa wa pili: "kupima, kutathmini na shughuli zinazohusiana." Sikuwa nimeliona kabisa hilo neno.

Wakili_wa_Shamba
Likatwe.

Mpiga_Mitetemo
Na kisima je? Mnacho cha maji?

Fundi_Rangi3
Kipo cha kuchimba kwa mkono, mama alikichimbisha zamani. Kina ringi juu. Majirani kama kaya nane wanachota.

Mpiga_Mitetemo
Aaah. Hiki ndicho ningeanza nacho. Leo hii dada afunge jiwe kwenye kamba, apime kutoka ukingoni hadi maji, afunge fundo. Apige picha za ringi ndani kwa tochi, kila ufa uliopo. Achote chupa mbili, moja akae nayo, moja ampe mwenyekiti. Baada ya kazi arudie vile vile. Visima vingi vina nyufa za zamani ambazo watu wanaziona kwa mara ya kwanza siku ya mlipuko. Vingine vinapata nyufa kweli. Bila picha ya kabla, hakuna anayeweza kuwatenganisha mkweli na mwongo, hata mkweli mwenyewe.

Na dai umbali uandikwe kwa mita kwenye fomu. Wana viwango vyao vya umbali kutoka kwenye visima na nyumba, mwambie msimamizi akuonyeshe jedwali lake. Likiandikwa, na mtoboaji analijua.

Korosho_Ni_Maisha
Mwezi wa kupita ndio vita yenyewe. Wao wanataka kiangazi kwa sababu mvua zikianza magari yanazama. Mkorosho nao unachanua na kuzaa kiangazi hicho hicho. Nafasi pekee ni mvua zinapokatika, Mei hadi mwanzoni mwa Juni, kabla ya maua. Nawaambia vijiji vingine ambavyo hamjafikiwa: hilo lipelekwe mkutano mkuu wa kijiji mapema liandikwe kwenye muhtasari. Mtu mmoja akidai Mei anaonekana msumbufu.

Fundi_Rangi3
MREJESHO

Wakuu, nilipanda basi Jumanne usiku. Nilikuwepo.

Kikao cha familia kilifanyika, mjomba alipinga kwa saa nzima, kisha yeye mwenyewe ndiye aliyesema dada asaini, "maana nyie wengine mnaijua mikorosho kwenye mfuko wa plastiki." Muhtasari upo.

Alhamisi walikuja wanne, na mtu wa mahusiano wa kampuni. Tulipowaambia hatukatai ila tuna marekebisho, alishangaa kidogo, akasema fomu ni ya makao makuu haibadilishwi. Dada akamwambia basi na shamba ni la mama halibadilishwi. Wakapiga simu. Tulikaa kama dakika arobaini, tukawapa madafu. Mwisho "kamili na ya mwisho" imekatwa, "shughuli zinazohusiana" imekatwa, wamesaini pembeni. Malipo yatafanyika baada ya kuhesabu, na wamekubali kwa maandishi kuhesabu tena mwezi wa kumi safu mbili za kila upande wa njia. Sijui kama watarudi kweli mwezi wa kumi. Karatasi ipo.

Muda wamegoma. Hawasubiri Mei, mitambo imeshafika. Walichokubali ni magari yasipite, mashine ya kutobolea wataitumia ile ndogo ya kubebwa na watu, na njia imwagiwe maji asubuhi kabla hawajaanza. Maji ya kwao, si ya kisima.

Kisima: jiwe limefungwa fundo, picha 31 zipo kwenye simu ya dada, ya mjomba na yangu. Ufa wa zamani kwenye ringi ya tatu upo, tumempigia picha mwenyekiti ameshika tochi. Umbali wameandika, ila hatujakubaliana na mtu wao wa vipimo kwa mita kumi na kitu, hilo bado tunalisukuma.

Mstari wenyewe ulikuwa unapita juu ya mkorosho mkubwa aliokuwa anakalia mama akichambua korosho. Dada alimshika mkono kijana wa vigingi akampeleka pale. Kijana alikuwa mpole, wa Masasi, akang'oa kigingi, akahesabu, akachomeka upya katikati ya safu. Dada hakuridhika, akapima tena kwa miguu yake. Hatua sita kutoka kwenye shina.

Korosho_Ni_Maisha
Safi sana. Kesho asubuhi aende kuangalia kama kigingi kimelala pale pale.